Chemchemi Niliyoitambua kwa Ulimi

Ndugu wasomaji, nichekeni, lakini nisikilizeni kwanza. Babu yangu aliongoza misafara ya pembe za ndovu, na mtaani kwetu Mtendeni husemwa kwamba aliweza kuonja maji akakitaja kisima. Mimi ni muuza vitambaa tu, ila ulimi huo nilijidai nimeurithi.

Juzi tulikwenda Itetemia kujitolea, kuwajengea darasa ndugu zetu wa chuo cha Ujamaa. Adhuhuri ilipoingia nikaona kijito kinatoka kwenye matete mabichi, maji maangavu hata kokoto zinahesabika. Nikaanza kutawadha. Nilipofika kwenye kusukutua, nikanogewa, nikameza.

"Jamani, hii ni chemchemi ya mwamba!" nikawatangazia wenzangu. "Ulimi huu haudanganyi."

Mama Kabula, msimamizi wa usafi wa chuo, akauma ncha ya khanga yake. "Shikamoo, mzee. Unataka kuiona chemchemi yenyewe?"

"Marahaba. Twende!"

Wote wakatufuata, tukapanda kandokando ya matete. Mama Kabula akanieleza kwamba waliyapanda wenyewe kwenye changarawe, maji machafu yapite humo polepole, mizizi iyasafishe mpaka yasinuke. Nilistaajabu kwa dhati. Kazi gani hiyo ya mikono ya watu! Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza ni uchafu wa nini. Sikuuliza.

Matete yalipoishia palikuwa na bomba, na juu ya bomba ukuta ulioandikwa WANAUME.

Ndani mtu akavuta mnyororo. Chemchemi yangu ikabubujika.