Fundi Anayesomea Mbao Kilatini

Mwangangi ndiye fundi pekee hapa Kathiani aliyewahi kushtakiwa kanisani kwamba analoga viti. Nauza uji kando ya karakana yake, kwa hivyo habari zake msinisimulie.

Alisoma seminari miaka miwili, baba yake akafa, akarudi kulea wadogo zake. Alirudi na neno moja: mensa, yaani meza kwa Kilatini. Akishapaka gundi na kubana kiungo, hulisoma na mikia yake yote, mara ishirini, ndipo aachilie.

Mwaka wa tisini na nane kanisa letu likatafuta fundi wa kutengeneza altare, meza ya misa. Aliitaka kazi hiyo kuliko chakula. Upadre ulimponyoka; angalau mbao zake zifike mbele.

Mutiso, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, akaja na uso wa mahakama. "Wewe, unanong'onezea mbao nini?"

"Ni neno moja tu, mzee. Linabadilisha mkia kulingana na kazi. Meza imesimama, mensa. Umebeba meza, mensam. Mguu wa meza, mensae. Wareno walilirithi wakasema mesa, wakalileta pwani, Waswahili wakasema meza. Hata sisi Wakamba tunasema mesa."

"Kwa hivyo nyanya yangu alikuwa anaongea Kireno?"

"Kidogo tu, mzee."

Nilicheka nikamwaga uji. Mutiso hakucheka. "Haya, unga mguu huu kwenye fremu hii ukiwa umenyamaza."

Mwangangi akapaka gundi, akabana, mdomo kauma. Bila maneno yake hakujua ameshika kwa muda gani. Akaachilia mapema, mguu ukaangukia kiatu cha mwenyekiti.

"Mmeona? Bila uchawi hawezi!"

"Uchawi gani, baba?" nikamwuliza. "Hayo maneno ndiyo saa yake. Ama wewe unafikiri gundi inakauka kwa kuogopa kamati? Shika wewe, usome."

Mwangangi akapaka gundi upya, Mutiso akashika. Mwangangi akatangulia, Mutiso akafuata kwa sauti ya kuitikia misa: mensa, mensam, mensae... Mara ya ishirini alikuwa analowa jasho. Akauvuta mguu. Akauvuta tena, amekanyaga fremu. Haukutoka.

"Altare ni yako," akasema, akijipangusa. "Lakini hiyo ya nyanya yangu tutaongea."

Iko pale kanisani hadi leo, mti wa mukau mtupu, haitikisiki. Jumapili Mwangangi hukaa benchi la nyuma. Padre akiinua kikombe, sote tunaangalia juu. Yeye anaangalia miguu ya meza.