Sauti ya Marehemu Čedomir

Kompyuta za mji wa Zaječar zikiugua huitiwa Vidosava, naye huenda kwa mguu, bisibisi mfukoni. Ameifanya kazi hiyo tangu kiwanda cha redio kilipofungwa, na bado hajaizoea hofu ya kufungua mashine iliyobeba kitu kisichopatikana kwingine.

Safari hii kitu hicho kilikuwa sauti. Bibi Stamenka alikuwa amefiwa na mumewe, Čedomir, msimu wa plamu. Masimulizi aliyojirekodi mzee yalikuwa ndani ya kompyuta, bila nakala. Tangu baridi ianze, mashine ilikuwa ikizimika yenyewe, marehemu akiwa katikati ya sentensi.

"Hataki nimsikilize," Bibi Stamenka alisema mlangoni, shali kiunoni. "Hata alipokuwa hai alikuwa akiondoka mimi bado nasema."

"Bibi, wafu hawazimi kompyuta."

"Humjui Čedomir wewe."

Vidosava hakucheka. Kila kuzimika kwa ghafla kungeweza kuijeruhi diski, na diski ikifa, mzee angekufa mara ya pili. Aliiwasha, akatega sikio kama daktari asikilizaye kifua. Tik. Kisha kimya. Tik ile ya diski ilikuwa dalili mbaya.

Akaanza na ya nje, kama kawaida yake. Akabadili waya wa umeme, ikazimika. Akachomoa vibao vya kumbukumbu, akavifuta, akavirudisha kimoja kimoja, ikazimika. Akaanza kusaka virusi, na hapo kioo kikawa cheusi mapema kuliko mara zote.

"Kuna kitu umekimwaga humu, Bibi?"

"Mimi? Hata vumbi siifuti!"

Vidosava akawaza. Kusaka virusi ni kazi nzito, na kwa kazi nzito ilizimika upesi. Akaweka kiganja ubavuni mwa mashine, akakiondoa haraka. Ilikuwa ya moto kama jiko. Akaivuta kutoka ukutani. Nyuma, pale feni inapotolea pumzi, kulikuwa kumeshindiliwa soksi mbili za sufi.

"Bibi! Umeiziba pua!"

"Ulitaka nifanyeje? Inanipuliza miguuni. Promaja iniue?"

Vidosava aliielewa hofu hiyo. Naye alilelewa na mama aliyefunga madirisha yote kwa kuogopa promaja, upepo upenyao chumbani na kumwingia mtu kwenye figo. Hata pale alipopiga magoti, alikuwa ameshajisogeza kando ya feni bila kufikiri.

Alizichomoa soksi, akasubiri mashine ipoe, akaanza kunakili masimulizi kwenye diski nyingine. Ugonjwa ulijulikana, lakini hakujua joto lilikuwa limeshakula kiasi gani. Tik. Mstari wa kunakili ukasimama. Bibi Stamenka akamshika bega, kucha zikamwingia.

"Anakwenda?"

"Nyamaza, Bibi. Tafadhali."

Tik nyingine. Mstari ukajikokota, ukasimama tena, ukafika mwisho.

Hilo halikumtosha Vidosava. Faili huweza kunakilika huku limeoza ndani. Bibi Stamenka hakuweza kungoja hukumu; akaenda ukumbini, akaziba uso kwa shali. Vidosava akabonyeza. Čedomir akakohoa, akaanza kisa cha jirani na pipa la rakija, pombe kali ya plamu, akafika pale alipokuwa akikatika kila siku, akapita.

"...nikamrudishia pipa lake, maana lilikuwa lake kweli."

"Mwongo!" sauti ikalipuka ukumbini. "Pipa lilikuwa letu!"