Mama Usitikisike na alama ya njano kwenye taya

Saa mbili asubuhi, kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, mpiga picha za eksirei anamvisha mgonjwa vazi zito la madini ya risasi, la kuzuia mionzi. "Vua hereni, kaka. Ndiyo, na hiyo moja pia. Ng'ata hapa, usitikisike." Mashine inakizunguka kichwa cha kijana, inalia kama jokofu bovu, inasimama.

Amri hiyo huitoa mara arobaini hivi kwa siku, ndiyo maana kliniki nzima ya meno inamwita Mama Usitikisike. Ana miaka kumi na mmoja akipiga picha vinywa vya watu. Chake je? Kinyozi hajinyoi.

Hadi mwaka jana, ilipoletwa programu ya akili mnemba inayosoma picha za meno na kuzungushia njano pale inapotilia shaka. Siku ya mafunzo, mgonjwa aliyeombwa awe mfano hakutokea. Akajitolea yeye. Wenzake walicheka sana, wakamwamrisha kwa sauti yake mwenyewe asitikisike.

Njano ikatokea chini ya jino la mwisho, upande wa kulia.

"Nilisema hiyo mashine imechanganyikiwa," anasimulia. "Asubuhi hiyohiyo ilizungushia jino la bandia, eti limeoza! Na mimi sikuwa na maumivu hata chembe. Nikamwambia dokta, futa hicho, tuendelee na somo."

Daktari wa meno hakufuta. Aliitazama picha kwa macho yake, akaguna, akampeleka kwa daktari wa upasuaji wa kinywa. Huyo naye hakuuma maneno: kuna uvimbe ndani ya mfupa, atautoa, maabara ndiyo itakayosema ni kitu gani.

Baada ya upasuaji, majibu ya maabara yalichukua wiki mbili. Hapa mwanamke huyu mcheshi anapunguza sauti.

"Watu waliokatwa taya nawajua, picha zao nimezipiga mwenyewe. Naishi na mama yangu. Nikawa natafuna upande mmoja, namdanganya kwamba nimeng'olewa jino tu. Roho juu, lakini mdomo sifungui."

Daktari wa upasuaji alipompigia simu, hata salamu hakungoja.

"Akasema, 'Si saratani. Ni kifuko cha maji tu, na tumekitoa chote.' Nikakaa chini palepale sakafuni. Nikalia, nikacheka, nikalia tena. Mgonjwa aliyekuwa kitini akaniuliza, 'Dada, kwani picha yangu ni mbaya kiasi hicho?'"

Aliambiwa kwamba kingeachwa, taya lingeweza kuvunjika siku moja kwa kutafuna tu. Picha ya mwezi uliopita inaonyesha mfupa mpya umejaa.

Mama yake alipopata habari, alimsema mpaka majirani wakatoka nje, kisha akamkumbatia na kugoma kumwachia. Jumatatu bibi huyo wa miaka sabini na miwili, asiyewahi kukalia kiti cha daktari wa meno, atakuja kupigwa picha. Amekubali kwa sharti moja.

"Hiyo mashine yenu ikiona kitu, changu au chako, uniambie siku hiyohiyo. Mimi ndiye niliyekuzaa."