Plakete za Baba Zaina

Nakumbuka vizuri, mwanangu, shaka iliyoninyima usingizi miaka ya vita hapa Kindu: nimwambie jirani yangu Mama Zaina ukweli, au niendelee kupita mbele ya mlango wake na gari linalolia kwa sauti ya gari la mume wake? Nakusimulia kwa sababu jana nilisikia freni, hizo breki za gari lako, zikilia, nawe ukaongeza sauti ya redio.

Nilikuwa nimemaliza chuo karibuni, kijana wa kuwaza jambo moja mara mia. Gari kuukuu aliloniachia marehemu baba lilihitaji plakete, vile vipande vinavyobana gurudumu lisimame. Madukani hamkuwa na kitu. Fundi Ramazani akaniletea alizozifungua kwenye gari aliloliona barabara ya Kibombo: milango wazi, viatu vya dereva vimepangwa chini sawasawa, mtu hayupo. Aliponieleza rangi ya gari nilijua ni la nani, maana Baba Zaina alikuwa hajarudi tangu mwezi uliopita. Nikalipa, nikanyamaza.

Tangu hapo, kila nikikanyaga freni, gari lilitoa mlio mrefu, mwembamba. Magari yalikuwa machache, kila mtaa ulijua mlio wa kila gari, na huu ulikuwa wa gari la Baba Zaina. Siku ya kwanza nilipopita mbele ya mlango wake, Mama Zaina alitoka mbio, mikono ina unga wa muhogo.

"Njo Baba Zaina! Amerudi!" Akachungulia ndani. "Aa, kumbe ni wewe, mutoto wa masomo."

Alicheka, lakini macho yalibaki kwenye kiti cha nyuma, kama mtu amekaa pale. Mimi niliogopa kugeuka.

Alitoka vile kila siku. Niliwaza: nikisema, huzuni itamuua, nisiposema, matumaini yatamuua. Basi nikapaka plakete mawese. Mlio ukakatika. Siku ya tatu, kwenye mteremko wa kivuko, nikakanyaga freni na gari likazidi kuteremka kimyakimya, kana kwamba linavutwa. Lilisimama maji ya mto Lualaba yakigusa taa.

Fundi Ramazani alinikemea mbele ya watu. "Wewe na diploma yako! Freni inakulilia, unaipaka mafuta ya kupikia sombe?"

Watu wakacheka. Akanisogelea, akashusha sauti. "Plakete si za gari hii, njo maana zinalia. Na mwenyewe unamujua. Unaogopa nini?"

Nikauza baiskeli yangu, nikanunua plakete mpya kwa mchuuzi aliyezileta kwa magendo. Zile za zamani nikazifunga kwenye kitambaa, nikaenda kwa miguu kwa Mama Zaina, nikamweleza kila kitu, hata viatu. Alizifungua, akazipakata.

"Siku zile mbili gari yako ilipita kimya," akasema. "Lakini mimi niliisikia ikilia hapa mulangoni."

Ijumaa ile tulimsomea mumewe dua ya marehemu.

Mwanangu, kinacholia kifungue ukitazame, hata kama gharama itakuuma. Na ukijua jambo ambalo mwenzako analisubiri, mwambie mapema. Mungu akulinde barabarani, akujalie moyo usioogopa kusema.