Mkono wa Daktari Nyembo

Kalenda ni ya mwaka 1994, ya reli, lakini walioitumia hawakumbuki picha yake. Wanakumbuka upande wa nyuma, ambako Daktari Éliézer Nyembo alichora miraba kwa rula na kuipaka penseli za rangi: kijani, njano, nyekundu. Ukijua umri wa mtu, shinikizo la damu yake na kama anavuta sigara, kidole chako kinafika kwenye mraba mmoja, na rangi inakuambia moyo wake una hatari kiasi gani katika miaka kumi ijayo.

Jedwali hilo alilinakili kwenye semina Lubumbashi. Safu ya mafuta ya damu aliifuta mwenyewe, kwa sababu maabara ya hospitali yake huko Kamina, Kongo, haikuwa na kitu cha kuyapimia.

Vita vya 1998 vilipoanza, treni ilikaa wiki nyingi bila kufika, na majarida ya udaktari yakakoma pamoja nayo. Nyembo akaamua kwamba madaktari wake wawili hawatasahau walichosoma. Kila Alhamisi saa tisa mchana, chumba cha kufungia vidonda kiligeuka darasa. Banza, mnene na mcheshi, aliketi karibu na mlango. Asma Feruzi, binti wa wafanyabiashara wa vitambaa waliotoka Maniema vizazi vitatu nyuma, aliketi mbele na daftari. Ndege za kijeshi zilipopita juu, Nyembo alinyamaza, akasubiri, kisha akaendelea na sentensi ileile. Baada ya somo walikula karanga zilizokaangwa bila chumvi, kwa amri yake. Asma anasema hajawahi kula karanga tamu kama zile.

Mfano wa mwalimu ulikuwa uleule: mkulima wa Kaniama, mvuta tumbaku, aliyelalamikia kichwa mwaka mzima na kuambiwa ni jua. Alianguka kati ya mistari ya mahindi, jembe mkononi, akiwa na miaka hamsini na miwili. "Hakuna aliyemfunga kipimo mkononi hata siku moja," Nyembo alimalizia kila mara, kisha akatoka kuvuta sigara.

Kulikuwa na desturi moja. Kila Alhamisi mmoja wao alikuwa mgonjwa: anaketi dakika tano, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, mwenzake anampima. Mkubwa pekee hakuwahi kuwa mgonjwa. Mdogo hamfungi mkubwa wake kipimo kama mtu wa foleni. Hakuna aliyeitoa sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja.

Mwezi wa kumi na moja Nyembo aliandika swali ubaoni: mwanamume, miaka hamsini na mmoja, anavuta sigara, baba yake alikufa ghafla kwa moyo. Shinikizo la damu: halijulikani.

Asma aliangalia ubao, kisha mwalimu. "Docteur, ule mukulima wa Kaniama alikuwa na mutoto?"

"Alikuwa na batoto sita."

"Na mumoja wao alikuwa munganga, docteur kama weye?"

Nyembo akaiweka chaki chini. Asma akainuka na kipimo.

"Leta mukono, Docteur."

"Asma, weye unataka kunipima miye?"

"Zamu iko yangu leo. Ni weye ulitufundisha: bila kupima, hakuna kujua."

"Huyu wa ubaoni ni muntu wa kuwaza tu."

"Basi, mukubwa," Banza akasema kutoka mlangoni, "muntu wa kuwaza haogopi kipimo. Miye muntu munene nimepimwa mara saba, na ningali hai!"

Nyembo alicheka, kisha akaacha kucheka. Akavua koti jeupe, akakunja shati, akaketi. Akakaa dakika tano, miguu sakafuni. Asma alipima mara mbili, halafu mkono wa pili, kama alivyofundishwa.

"Kumi na tisa kwa kumi na moja," akasema kwa sauti ya chini; kwingine wangesema 190 kwa 110.

Nyembo mwenyewe ndiye aliyeweka kidole kwenye kalenda. Kilitua kwenye nyekundu.

Alisogeza kidole upande wa wasiovuta, kwenye njano, akakiacha hapo. "Sigara ndio kitu naweza kuacha leo," akasema. Akaiweka pakiti mezani, karibu na karanga. Vidonge vya kushusha shinikizo kwa kupunguza maji mwilini vilipatikana katika duka la dawa. Samaki wa chumvi wa Mulongo akakoma nyumbani kwake, na mkewe Priscille akalalamika mwezi mzima.

Tangu siku hiyo kila somo lilianza na mkono wa mwalimu. Namba ziliandikwa pembeni mwa kalenda: kumi na saba, kumi na sita, na mara moja, baada ya wiki ambayo majeruhi walijaa hadi kwenye baraza, kumi na nane tena. Mwaka 2000, Alhamisi aliyotimiza miaka hamsini na mitatu, ilikuwa kumi na nne kwa tisa. Nyembo aliitazama namba hiyo, akashusha shati.

"Nimemupita baba," akasema. "Tuendelee. Leo mugonjwa ni nani?"

Banza alikuwa tayari ameshanyoosha mkono.