Hodhi Lililoelea Takaungu

Mwajiri wangu wa mwisho, Mtaliana mmoja mwenye nyumba kubwa huko Malindi, alinishukuru kwa miaka yote niliyomwagilia maua yake kwa kunipa hodhi la kuogea. Hodhi la faiba, jeupe, refu kama jeneza la mtu mwenye heshima zake. Alikuwa anabomoa bafu aweke jingine la marumaru, na badala ya kulitupa jalalani akaona alitupe kwangu. Nikamwambia ahsante. Mtu akikupa hodhi na kwako hakuna hata bomba, utamwambia nini?

Nisimseme sana lakini, maana hodhi lenyewe lilikuja kwa wakati wake. Mke wangu magoti yalikuwa yamemkataa. Yeye ni mzaliwa wa Ganze, huko bara kwenye ukame, na mtoto wa kike wa Ganze wa siku zile alianza kubeba maji kichwani kabla hajaota meno ya pili, akaenda na kurudi mpaka jua likachoka kumfuata. Magoti yake aliyaacha kwenye njia ile. Sasa hawezi tena kuchutama akaoga kwa ndoo na kata, ikawa anaogeshwa na mke wa jirani, huku amefumba macho kwa haya. Binti yetu aliyeolewa Mombasa akapata habari, akapiga simu: mama aje akae kwake, kuna bafu la kuketi na maji ya moto yanatoka ukutani. Kuhusu mimi baba yake hakusema kitu. Labda anadhani mimi huoga mvua.

Mke wangu akafunga nguo zake mkobani, akauweka mkoba nyuma ya mlango. Hakugomba. Alisema tu ataliangalia hilo hodhi. Likimfaa atakaa, lisipomfaa ataenda kwa mwanawe. Mwanamke akigomba kuna nafuu, unajua pa kuanzia. Akinyamaza na mkoba uko nyuma ya mlango, huna hata pa kukohoa.

Aliyekuja kulipanga hodhi bafuni ni mlamu wangu, ndugu mdogo wa mke wangu, baba mmoja mama mmoja, fundi wa boti za faiba hapa hapa Takaungu. Ya Mungu mengi. Alikozaliwa yeye hata dimbwi la kuzamisha kifaranga hulipati, na leo ndiye anayewaeleza wavuvi boti inavyotakiwa kuwa. Mimi shule niliishia darasa la pili, la tatu nililichungulia dirishani, kwa hivyo sibishani na wataalamu. Alipoliweka hodhi juu ya mawe matatu nilimuuliza kama ni sawa. Akanijibu kwamba hata chungu hukaa juu ya mafiga, na chungu ni kitu cha zamani kuliko mimi. Mke wangu akaingia, akaketi, na jiwe moja likatoboa chini likatokeza kichwa kumpa shikamoo.

Hakuumia, alhamdulillahi. Ila tundu lilibaki, la kupita ngumi.

Mlamu wangu alilitazama tundu lile kwa furaha ya daktari aliyeletewa ugonjwa anaoujua. Akasema hilo si tundu, yeye ameziba boti iliyopanda mwamba. Kesho yake akaja na kopo la gundi ya faiba, kichupa cha dawa ya kuigandisha, msasa, na kile kitambaa cha nyuzi za kioo. Kama hujawahi kukishika kitambaa kile, usikishike. Kinawasha kama upupu. Ijumaa ile nilisali huku najikuna, na aliyekuwa kando yangu akajisogeza kidogo kidogo mpaka akaingia safu nyingine. Kopo la kwanza alitia dawa nyingi, na kwa joto letu hili gundi ikachemka humo humo, ikatoa moshi, ikaganda na brashi imesimama katikati kama bendera. Fundi akasema alikuwa anaijaribu tu. Nami nikasema naam, imejaribika.

Kopo la pili lilikwenda vizuri. Alilipindua hodhi, kitako juu, akapaka gundi, akalaza kitambaa, akapaka tena, akalaza tena, akalainisha kwa vidole kama mwanamke anayempaka mtoto mafuta. Kiraka kikakauka, kizuri, king'avu, huko huko chini mgongoni. Halafu akasema fundi wa kweli hakabidhi kazi bila kuijaribu, na yeye kazi zake huzijaribu majini.

Basi tukalipakia hodhi kwenye mkokoteni, tukalisukuma mpaka kwenye mkono wa bahari. Nasema tukalisukuma kwa adabu tu. Alisukuma aliyekuwa na hofu ya kuachwa na mke. Fundi akakaza kizibo kwenye tundu la kutolea maji, akalishusha majini, likaelea. Akaingia akaketi ndani, miguu ameikunja, akapiga kafi kwa sahani. Watu waliokuwa wanapaa samaki wakaacha samaki. Mmoja akamuuliza nauli ya kwenda ng'ambo ni kiasi gani. Mwingine akauliza kama nahodha ameshaoga au ataoga njiani. Yeye wala hakuwajali, alikuwa anapapasa chini kwa kiganja, na kiganja kilikuwa kikavu. Hata tone halikuingia. Tulirudi nyumbani kama watu waliotoka kuchumbia na kukubaliwa.

Nikachota maji kisimani, nikayatia moto, nikajaza hodhi, tukatoka. Mke wangu akaingia na leso yake kifuani, akaketi polepole. Nikamsikia akishusha pumzi. Mara ukasikika mlio kama wa chapati iliyoshika kwenye chuma inabanduliwa. Kiraka kikadondoka, maji yakamfuata, yakapita chini ya ukuta wa makuti, yakawapa kuku waliokuwa uani josho ambalo hawakuliomba.

Mtu wa Ganze hapendi kuona maji yakimwagika. Alitoka ameshika ukuta, akayatazama yanavyopotea mchangani, kisha akamtazama nduguye.

"Ndugu yangu, mimi sendi Pemba. Nataka kuoga."

Fundi akaanza kueleza kwamba kule baharini hata tone halikuingia, mashahidi wapo.

"Maji yangu mimi yako ndani," akasema dada yake. "Ndiyo yanayosukuma."

Nikamtazama fundi, fundi akalitazama hodhi. Miaka yote hiyo mkono wake umezoea kuzuia maji yasiingie, kumbe kuna vyombo vingine kazi yake ni kuyazuia yasitoke. Mke wangu akaingia chumbani, nami nikamsikia akiuliza kwa simu basi la asubuhi linapita saa ngapi, kisha akimwambia binti amsubiri.

Asubuhi hiyo, kabla ya basi, mlamu wangu alifika bila kujisifu, jambo ambalo lilinitisha. Safari hii aliinama ndani ya hodhi, akasugua kwa msasa mpaka nyusi zikawa nyeupe, akabandika kiraka kipana kuliko tundu lenyewe. Kilipokauka akaanza kuyapanga tena mawe yake. Dada yake akamzuia kwa mkono.

"Mafiga ni ya chungu cha moto. Chungu cha maji hukaa juu ya ngata."

Ngata ni ule mviringo wa kitambaa wanaouweka kichwani chini ya mtungi, naye ndiye aliyeuvaa utoto wake wote. Tukajaza mchanga pale chini, tukaushindilia, tukalilaza hodhi likakaa kama mtungi kichwani pake. Basi lilipiga honi barabarani. Likapita zake.

Kiraka kile kina sura mbaya, rangi ya uji uliomwagika jana, na kinakwaruza. Mke wangu aliingia mchana, nikaketi nje ya ukuta wa makuti, macho kwenye mchanga. Mchanga ukabaki mkavu. Alikaa humo mpaka nikadhani amelala.

"Mzee, niletee leso kavu."

Nikamuuliza ipi.

"Iliyo mkobani."

Nikaitoa. Na kwa kuwa mkoba nilikuwa nimeshaufungua, nikazitoa na nyingine zote, nikazirudisha sandukuni. Kisha nikampelekea leso yake. Binti alipopiga simu kuuliza mama amefika wapi, nikamwambia yumo majini, amefika shingoni.