Baba Ametoa Kahawa Stoo, Akaweka Mnyororo

Admin, naomba unifiche jina. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: namwogopa baba yangu mzazi.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu. Tunaishi Itaka, tunalima kahawa na mahindi. Si mwongeaji, watu wananijua kwa vitabu tu. Mdogo wangu Ayubu aligongwa na pikipiki akitoka kusaga mahindi mashineni. Aliyemgonga hakusimama. Polisi walisema bila shahidi hawana wa kumkamata. Tukazika, watu wakala, wakaondoka.

Baada ya msiba mjomba alileta flashi ya muvi za kutafsiriwa kutoka Tunduma, eti baba apunguze mawazo. Moja ni ya mzee aliyeuliwa mtoto wake. Anamkamata mtu anayemshuku, anamfunga mnyororo stoo, anamponda vidole kwa nyundo. Mimi nilitapika. Baba alicheka, kicheko cha kwanza tangu tumzike Ayubu. Mtafsiri naye anashangilia: "Mpe dozi mzee! Muongeze!" Tangu hapo baba anairudia kila akitoka shamba.

Juzi akatoa magunia yote ya kahawa stoo, akayajaza sebuleni. Akafunga mnyororo kwenye nguzo ya stoo.

"Wa nini tena huo, baba?" mama akauliza.

"Wa ng'ombe."

Hatuna ng'ombe.

Nilijua ni wa Sebe, bodaboda wa hapa kijijini. Baba anamshuku kwa sababu alibadilisha taa ya mbele wiki ile ile ya ajali. Sebe huyo ndiye aliyechimba kaburi la Ayubu! Mtu auawe kwa sababu ya taa?

Kilichoniudhi zaidi ni yule mtafsiri. Mwisho wa muvi inagundulika aliyefungwa hakuwa na hatia. Wanasema wazi kwa Kiingereza, lakini mtafsiri wakati huo anasalimia washikaji zake na kutangaza duka lake. Nikamkalisha baba, nikairudisha pale, nikamweleza neno kwa neno. "Baba, hakuwa yeye. Ameua mtu bure."

Akaniangalia. "Huyo wa kwenye muvi hakuwa na uhakika. Mimi ninao. Kesho Sebe anakuja kunibebea kahawa."

Nikatoka mbio hadi kijiweni, nikamwita Sebe pembeni. "Kaka Sebe, kesho usije kwetu. Baba anasema ni wewe uliyemgonga Ayubu."

Nilisubiri akasirike, aape, anitukane. Akaangalia taa yake mpya.

"Nani kamwambia?"

Jamani! Hakusema "siyo mimi". Alisema "nani kamwambia". Mikono iliyomfukia mdogo wangu! Nilitaka kumrarua uso pale pale.

Ninyi mnaosoma, nisaidieni kuamua. Nikimwambia baba, ataua na atafungwa. Nikinyamaza, namfichia siri aliyemuua Ayubu. Nikienda polisi, maneno hayo mawili yatamtosha nani? Ila msiniambie nisamehe. Hilo sijauliza.

Nilirudi nyumbani, nikatumbukiza kufuli la stoo chooni. Kisha nikaanza kuyaburuta magunia ya kahawa kuyarudisha stoo, nalia kwa hasira, mpaka mnyororo ukafunikwa kabisa. Baba akanikuta na gunia la mwisho.

"Unafanya nini?"

"Sebe haji," nikamwambia, nikaendelea kuburuta.